Kutoka Umoja wa Taifa hadi Udikteta: Katiba na Madaraka katika Historia ya Ujerumani, 1871-1934

Utangulizi

Tarehe 30 Januari 1933 Paul von Hindenburg, Rais wa Ujerumani, alimteua Adolf Hitler kuwa Kansela. Siku hiyo haikufyatuliwa risasi hata moja, wala haukuvunjwa mlango wa ikulu. Rais alitumia madaraka aliyopewa na katiba, naye mkuu mpya wa serikali akaapa kuilinda katiba hiyohiyo. Mwaka mmoja na nusu baadaye bunge lilikuwa limebaki jina tu, vyama vyote vya siasa vilikuwa vimefutwa isipokuwa kimoja, na mtu mmoja alikuwa ameshika ukansela, urais na amri ya majeshi.

Swali lililowashughulisha wanahistoria tangu wakati huo ni hili: nchi yenye bunge, mahakama, vyama vikubwa vya wafanyakazi na vyuo vikuu vilivyosifiwa duniani kote ilifikaje hapo? Jibu linalotolewa mara nyingi hutaja aibu ya Mkataba wa Versailles, mfumuko wa bei na ukosefu wa kazi. Sababu hizo ni za kweli, lakini hazitoshi. Marekani na Uingereza nazo zilikumbwa na ukosefu mkubwa wa kazi baada ya mwaka 1929, na mabunge yao hayakufungwa.

Makala haya yanashikilia kwamba, pamoja na sababu hizo, upo uzi mmoja unaopita katika historia ya Ujerumani tangu umoja wa mwaka 1871. Uwezo wa kuiweka na kuiondoa serikali, pamoja na ule wa kutangaza hali ya hatari, uliachwa mikononi mwa mtu mmoja aliyekaa juu ya wawakilishi wa wananchi. Mtu huyo kwanza aliitwa Kaisari, kisha akaitwa Rais. Udikteta uliingia kwa mlango huo.

1. Umoja uliotoka juu

Baada ya vita vya Napoleon, Wajerumani waliishi katika nchi zipatazo 39 zilizofungamana kwa mkataba dhaifu. Mwaka 1848 wawakilishi waliochaguliwa walikutana Frankfurt ili waunde taifa moja kwa njia ya bunge. Mwaka uliofuata walimpa taji Friedrich Wilhelm IV, mfalme wa Prusia, naye akalikataa, kwa kuwa hakutaka kupokea ufalme kutoka kwa wananchi. Jaribio la kuunganisha taifa kutoka chini likafa.

Mwaka 1862 mfalme mpya wa Prusia, Wilhelm I, aligombana na bunge lake juu ya gharama za jeshi. Alimwita Otto von Bismarck awe waziri mkuu. Bismarck alitawala miaka minne bila bajeti iliyoidhinishwa na bunge, akidai kwamba pale ambapo katiba haisemi kitu, mfalme ndiye mwenye neno la mwisho. Baada ya Prusia kuishinda Austria mwaka 1866, wabunge wengi waliokuwa wakimpinga walipitisha sheria ya kumsamehe. Funzo lililobaki ni kwamba kuikiuka katiba kunasameheka ikiwa mkiukaji ameshinda.

Umoja ulikamilishwa kwa vita vitatu: dhidi ya Denmark mwaka 1864, dhidi ya Austria mwaka 1866, na dhidi ya Ufaransa mwaka 1870-1871. Tarehe 18 Januari 1871 Wilhelm I alitangazwa Kaisari katika jumba la wafalme wa Ufaransa huko Versailles. Walioujaza ukumbi walikuwa watawala wa nchi za Kijerumani, majenerali na maofisa wenye sare. Taifa lilizaliwa kambini, katika nchi ya adui, na jambo hilo halikusahauliwa na upande wowote.

2. Katiba ya Kaisari na mipaka ya bunge

Katiba ya Aprili 1871 ilikuwa na sura mbili. Kwa upande mmoja, bunge la taifa, yaani Reichstag, lilichaguliwa kwa kura ya siri na wanaume wote waliotimiza miaka 25. Haki hiyo ilikuwa pana kuliko ile ya Uingereza wakati huo. Bunge lilipitisha sheria na bajeti. Kwa upande wa pili, Kansela aliteuliwa na kuondolewa na Kaisari peke yake. Kaisari aliamuru majeshi na aliweza kutangaza hali ya vita ndani ya nchi. Aidha, Prusia ilikuwa na kura 17 kati ya 58 katika baraza la nchi wanachama, na kura 14 zilitosha kuzuia badiliko lolote la katiba. Katika Prusia yenyewe wapiga kura waligawanywa katika madaraja matatu kwa kadiri ya kodi waliyolipa, na utaratibu huo ulidumu hadi mwaka 1918.

Kwa hiyo wananchi waliweza kuchagua wabunge, lakini hawakuweza kuchagua serikali. Bismarck aliutumia mpango huo kwa ustadi. Katika miaka ya 1870 aliliandama Kanisa Katoliki. Kisha, kuanzia mwaka 1878 hadi mwaka 1890, sheria maalumu ilipiga marufuku vyama, magazeti na mikutano ya Wasoshalisti. Wakati uleule alianzisha bima ya ugonjwa mwaka 1883, bima ya ajali kazini mwaka 1884 na pensheni ya uzee mwaka 1889, akitumaini kwamba mfanyakazi akihudumiwa na dola hatakuwa na haja ya chama. Tumaini hilo halikutimia. Mwaka 1912 Wasoshalisti wa Kidemokrasia walipata zaidi ya theluthi moja ya kura na viti 110 kati ya 397, wakawa chama kikubwa kuliko vyote bungeni. Hata hivyo hawakupewa wizara hata moja.

Udhaifu wa bunge ulionekana wazi zaidi katika makoloni, na hapa historia ya Ujerumani inagusana na ile ya Afrika ya Kati. Mkutano wa Berlin, ulioanza Novemba 1884, ulifanyika nyumbani kwa Bismarck mwenyewe. Katika majira hayo Shirika la Kimataifa la Kongo, lililokuwa chombo cha mfalme Leopold II, lilitambuliwa na mataifa ya Ulaya. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake Kaisari alitia sahihi hati ya kuyaweka chini ya ulinzi wake maeneo ambayo kampuni ya Carl Peters ilidai kuyapata Afrika ya Mashariki. Sheria ya mwaka 1886 ilithibitisha kwamba madaraka katika makoloni yatatumiwa na Kaisari kwa jina la Dola. Huko ng'ambo, basi, utawala wa amri ulikuwa ndio utaratibu wa kawaida. Bunge lilibakiwa na silaha moja tu, yaani fedha. Lilipoitumia, Desemba 1906, kwa kukataa nyongeza ya gharama za vita vya Afrika ya Kusini Magharibi, lilivunjwa siku ileile. Katika uchaguzi wa Januari 1907, uliojaa kelele za uzalendo, Wasoshalisti walishuka kutoka viti 81 walivyopata mwaka 1903 hadi 43.

Mfano wa mwisho ulitokea Zabern, mji mdogo wa Alsace, mwaka 1913. Ofisa mmoja kijana aliwatukana wenyeji, watu wakaandamana, na jeshi likawakamata raia bila idhini ya wakuu wa kiraia. Tarehe 4 Desemba bunge lilipiga kura ya kutokuwa na imani na Kansela Bethmann Hollweg: 293 dhidi yake, 54 upande wake. Katika nchi yenye serikali ya kibunge angejiuzulu jioni hiyo. Yeye aliendelea na kazi yake, kwa kuwa imani ya Kaisari ilikuwa bado ipo.

3. Vita, kushindwa na uongo

Agosti 1914 vyama vyote bungeni, pamoja na Wasoshalisti, vilikubali mikopo ya vita. Tangu mwaka 1916 uongozi wa kweli wa nchi ulishikwa na majenerali wawili, Hindenburg na Ludendorff. Mwishoni mwa Septemba 1918 wao wenyewe ndio waliodai mapigano yasimamishwe upesi, wakashauri pia kwamba serikali ikabidhiwe vyama vya bunge. Hivyo, tarehe 28 Oktoba 1918, Kansela akafanywa kwa mara ya kwanza kuwajibika mbele ya bunge. Siku 12 baadaye Kaisari aliondoka madarakani na jamhuri ikatangazwa. Tarehe 11 Novemba hati ya kusimamisha vita ilitiwa sahihi na mwanasiasa wa kiraia, Matthias Erzberger wa chama cha Wakatoliki, na majenerali wakuu hawakuonekana mezani.

Demokrasia ya Ujerumani ilipewa ufunguo wa nyumba siku ambayo nyumba ilikuwa inaungua. Baadaye walewale walioiwasha moto wakadai kwamba jeshi halikushindwa, bali lilichomwa kisu mgongoni na wanasiasa, Wasoshalisti na Wayahudi. Uongo huo ulirudiwa mahakamani, makanisani, magazetini na katika vyumba vya masomo. Erzberger aliuawa mwaka 1921. Walther Rathenau, waziri wa mambo ya nje aliyekuwa Myahudi, aliuawa mwaka 1922.

4. Jamhuri ya Weimar na ibara ya 48

Katiba iliyotungwa Weimar na kutiwa sahihi tarehe 11 Agosti 1919 ilikuwa miongoni mwa zile zilizowapa raia uhuru mwingi zaidi katika zama zake. Wanawake walikuwa na haki ya kura, wafanyakazi walilindwa, na viti vya bunge viligawanywa kwa uwiano wa kura. Hata hivyo watungaji wake waliogopa bunge lenye vyama vingi vinavyogombana. Mwanasosholojia Max Weber alikuwa miongoni mwa waliotetea kuwapo kwa Rais mwenye nguvu, aliyechaguliwa na wananchi wote, ili awe uzani dhidi ya bunge.

Rais huyo alipewa madaraka matatu. Kwa ibara ya 25 aliweza kulivunja bunge. Kwa ibara ya 53 alimteua na kumwondoa Kansela. Na kwa ibara ya 48 aliweza, pale usalama wa umma ulipokuwa hatarini, kutumia jeshi na kusimamisha haki saba za msingi. Bunge lilikuwa na uwezo wa kudai amri ya namna hiyo ifutwe. Sheria ya kufafanua mipaka ya ibara hiyo ya 48 iliahidiwa katika katiba yenyewe, lakini haikupitishwa kamwe. Kila ibara peke yake ilikuwa na sababu yake. Zikitumiwa pamoja, zilimwezesha Rais kutoa amri, kulivunja bunge linaloipinga, kisha kuitoa amri hiyo tena.

Rais wa kwanza, Friedrich Ebert, alikuwa Msoshalisti na mtetezi wa kweli wa jamhuri. Naye alizitumia amri za dharura zaidi ya mara 130, dhidi ya maasi ya kushoto na ya kulia, na wakati wa msukosuko wa mwaka 1923, Wafaransa na Wabelgiji walipoikalia Ruhr na dola moja ya Marekani ikafikia marki zaidi ya trilioni 4. Mwaka huohuo amri hizo zilitumika kuiondoa serikali halali ya jimbo la Saxony kwa sababu iliwaingiza Wakomunisti. Amri hizo ziliisaidia jamhuri kuokoka, lakini pia zilizoesha taifa dawa ambayo daktari mwingine angeweza kuigeuza sumu.

Miaka ya 1924 hadi 1929 ilikuwa ya nafuu. Sarafu ilitulia, Ujerumani iliingia katika Shirika la Mataifa mwaka 1926, na katika uchaguzi wa mwaka 1928 chama cha Wanazi kilipata asilimia 2.6 tu ya kura. Lakini Ebert alikuwa amefariki mwaka 1925, na wananchi wakamchagua Hindenburg, jenerali wa Kaisari mwenye umri wa miaka 77, ambaye hakuwahi kuipenda jamhuri aliyoiapia.

5. Bunge linyamazishwalo kabla ya kufungwa

Tarehe 27 Machi 1930 serikali ya mwisho iliyotegemea wingi wa wabunge ilianguka kwa ugomvi juu ya michango ya bima ya wasio na kazi. Hindenburg alimteua Heinrich Brüning, aliyetawala kwa imani ya Rais. Julai bunge lilipokataa mpango wake wa fedha, mpango huo ulitolewa kwa amri ya ibara ya 48. Bunge lilidai amri ifutwe. Rais akalivunja bunge, na amri ikatolewa upya. Uchaguzi uliofuata, wa tarehe 14 Septemba 1930, uliwapandisha Wanazi kutoka viti 12 hadi 107.

Takwimu zinaeleza yaliyofuata. Mwaka 1930 bunge lilipitisha sheria 98. Mwaka 1931 sheria 34. Mwaka 1932 sheria 5. Amri za dharura zilipanda kutoka 5 mwaka 1930 hadi 44 mwaka 1931, zikaongezeka tena mwaka 1932. Wakati huo wasio na kazi walioandikishwa walipita milioni 6. Mwananchi mwenye njaa alipotazama bungeni hakuona mahali panapoamuliwa mambo yake, na chama kilichohubiri kwamba bunge ni upuuzi kikaonekana kusema kweli.

Tarehe 20 Julai 1932 Kansela Franz von Papen, kwa amri ya ibara ya 48, aliiondoa serikali ya Prusia iliyoongozwa na Msoshalisti Otto Braun. Prusia ilikuwa na zaidi ya nusu ya wakazi wa nchi, na polisi wake walikuwa ngome ya jamhuri. Ngome hiyo ilitekwa kwa karatasi yenye sahihi moja. Siku 11 baadaye Wanazi walipata asilimia 37.3 ya kura na viti 230, wakawa chama kikubwa kuliko vyote. Hata hivyo, katika uchaguzi huru wa mwisho, Novemba 1932, walishuka hadi asilimia 33.1. Theluthi mbili ya wapiga kura hawakuwachagua. Ukansela Hitler alipewa na kikundi kidogo kilichomzunguka Rais mzee, akiwemo Papen, kilichoamini kwamba mawaziri wahafidhina wangemdhibiti. Katika baraza la kwanza Wanazi walikuwa watatu tu: Hitler, Wilhelm Frick na Hermann Göring.

6. Miezi kumi na minane

Watatu hao walitosha. Göring alikabidhiwa polisi wa Prusia, ambao tayari walikuwa wamenyang'anywa serikali yao, naye akawaongezea wanamgambo wa chama chake. Usiku wa tarehe 27 Februari 1933 jengo la bunge liliungua. Kesho yake Hindenburg alitia sahihi amri, kwa nguvu ya ibara ya 48, iliyosimamisha uhuru wa mtu, wa nyumba yake, wa barua, wa maoni, wa mikutano na wa vyama. Amri hiyo ya muda ilidumu hadi mwaka 1945.

Katika uchaguzi wa tarehe 5 Machi, pamoja na vitisho vyote hivyo, Wanazi walipata asilimia 43.9. Tarehe 23 Machi bunge lilikutana kujadili sheria ya kuipa serikali uwezo wa kutunga sheria bila bunge. Wabunge 81 wa Kikomunisti walikuwa wamekamatwa, wametoroka au wamezuiwa, na wanamgambo walijaa ukumbini. Wasoshalisti 94 waliobaki walipiga kura ya kukataa, na kiongozi wao Otto Wels ndiye peke yake aliyesimama kuupinga mswada huo. Vyama vingine vyote vikakubali, pamoja na chama cha Wakatoliki: kura 444. Mwezi Julai chama cha Wanazi kikatangazwa kuwa chama pekee. Hindenburg alipofariki tarehe 2 Agosti 1934, urais na ukansela viliunganishwa, na askari wakala kiapo kwa Hitler kwa jina lake.

Vyuo vikuu havikukaa kando. Umoja wa taifa wa wanafunzi ulikuwa umeshatekwa na Wanazi tangu mwaka 1931, miaka miwili kabla ya nchi yenyewe. Sheria ya tarehe 7 Aprili 1933 iliwafukuza kazini watumishi wa serikali wa Kiyahudi na wapinzani wa kisiasa, wakiwemo maprofesa wengi, na wenzao wachache mno walipaza sauti. Tarehe 10 Mei wanafunzi ndio waliochoma vitabu katika viwanja vya miji ya vyuo vikuu. Elimu ya juu, peke yake, haikuwa kinga.

Hitimisho

Katika miaka ya 1970 Hans-Ulrich Wehler na wenzake walieleza kwamba Ujerumani ilifuata njia ya pekee, ikipata viwanda vya kisasa huku ikibaki na watawala wa kale. Waliowajibu, hasa David Blackbourn na Geoff Eley, walionya kwamba hakuna njia ya kawaida ambayo mataifa mengine yote yaliifuata, na kwamba mwaka 1933 haukuandikwa tayari mwaka 1871. Onyo hilo ni la haki. Mwaka 1928 Wanazi walikuwa kikundi kidogo, na hata Januari 1933 Rais angeweza kumteua mtu mwingine. Hakuna katiba inayoweza kumlazimisha mtu awe dikteta. Lakini katiba yaweza kumrahisishia kazi, na hiyo ndiyo tofauti kati ya nchi iliyoteswa na njaa tu na nchi iliyoteswa na njaa ikapoteza na bunge lake.

Wajerumani waliotunga katiba mpya mwaka 1949, baada ya vita vilivyoua makumi ya mamilioni ya watu na mauaji ya Wayahudi wapatao milioni sita, waliutazama ufa huo kwanza. Rais wa Ujerumani ya leo hachaguliwi moja kwa moja na wananchi wala hatawali kwa amri. Bunge haliwezi kumwangusha Kansela pasipo kumchagua mwingine papo hapo. Misingi ya utu na ya demokrasia haiwezi kufutwa hata kwa theluthi mbili ya kura. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ukuta wa Ujerumani ulijengwa upya kwa gharama ambayo ulimwengu mzima uliilipa, ilhali ufa wenyewe ulikuwa umesomwa, ukajadiliwa na kufundishwa katika vitivo vya sheria kwa miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuupitia.